Mechi Saba, Pointi Nne

Barua niliichapa mimi, katibu,
mistari sita ya Kiarabu cha ofisini,
"tunakushukuru kwa juhudi zako,"
nikagonga muhuri wa klabu, ukatoka mwekundu kupita kiasi
kama mdomo wa mtoto aliyetoka kula ubuyu.

Januari, Sib, msimu wa magongo umefika nusu.
Mechi saba, pointi nne.
Kamati imekwisha kunywa kahawa, vikombe vimetikiswa,
mwenyekiti, Bwana Sleyum, akasema:
"Wachezaji kumi na sita huwezi kuwafukuza.
Mmoja ni rahisi."
Alisema kwa Kiswahili, kile tunachokitoa kabatini
tukitaka neno lisiingie kwenye kumbukumbu.
Mwandika kumbukumbu ni mimi.
Sikuliandika.

Kocha Mahfudh aliisoma amesimama kando ya gari,
akaikunja mara nne,
akanikabidhi filimbi, koni kumi na mbili, funguo tatu.
"Huu wa stoo. Huu wa choo. Na huu..."
Simu yake ikalia. Hakumaliza.

Ungewaona vijana wiki ile ya kwanza!
Kocha mpya, Tanvir, mtu wa Lahore,
hamjui mtu kwa jina,
basi kila mtu ana jina la kutafuta.
Ghalib aliyekuwa akitembea, anakimbia.
Luay, miezi minne anapasha moto benchi,
akapangwa winga ya kushoto,
akachapa gongo moja la chini kwa chini,
ubao wa goli ukalia mpaka barabarani.
Tatu kwa moja.
Mwenyekiti akaleta halwa ingali moto,
akanigeukia: "Umeona?"

Niliona.
Niliona pia kwamba kipa wao alikuwa beki aliyevishwa pedi,
kipa mwenyewe yuko harusini Nizwa.
Na daftari langu halijasahau Desemba,
tulipogonga mwamba mara tano katika mechi mbili
na hakuna aliyesema bahati, walisema kocha.
Homa ina siku zake.
Ikishuka, sifa humwendea aliyeleta dawa ya mwisho.

Kisha sare.
Kisha tukafungwa.
Kisha tukafungwa tena, nne bila,
Ghalib anatembea.

Na uwanja nao! Nyasi za bandia hazichezeki kavu,
mpira unaruka kama bisi kwenye kikaango,
unampita mtu, unampiga mtu goti.
Tukamlaumu aliyetuuzia nyasi. Tukalilaumu jua.
Hakuna aliyejua kwamba kila alasiri, saa tisa na nusu,
mtu mmoja alikuwa akizunguka nyuma ya jukwaa
kufungua bomba.

Kwa hiyo mkiniuliza kama inafaa,
kumwondoa kocha safari ikiwa nusu,
nasema ilimfaa Luay.
Ilimfaa mwenyekiti, akapata usingizi.
Pointi? Mechi nne, pointi nne.
Afadhali kidogo. Au upepo tu.
Daftari linajua kujumlisha,
halijui kingekuwa nini.

Jana usiku nilimkuta Mahfudh pwani, kwenye moshi wa mishkaki.
Nilitafuta pa kujificha, nikakosa.
Hakuuliza pointi. Aliuliza:
"Uwanja mnaumwagia?"
Nikatoa funguo mfukoni, nikauinua ule wa tatu.
Akacheka mpaka moshi ukampalia.

Halafu akachovya kijiti kwenye ukwaju,
akachora juu ya karatasi ya mkate
kona ya penalti: huyu anasukuma, huyu anazuia,
"na Luay asimame hapa.
Nilichelewa kumpanga. Hilo langu."

Karatasi ninayo. Imekauka, inanata.
Jumamosi nitampa Tanvir, sitamwambia imetoka wapi.
Lakini kabla ya hapo, saa tisa na nusu,
nina kazi nyuma ya jukwaa.